Filamu ya Jane na ndizi za dawa alizotuhadithia mama

Nimeitazama filamu hii mara nne sasa. Inaitwa Jane, inamhusu Jane Goodall, yule Mwingereza aliyewachunguza sokwe wa hifadhi ya Gombe; ilitoka mwaka 2017, aliyeiongoza ni Brett Morgen, na inachukua kama saa moja na nusu. Ninaandika kwa ajili ya mtu wa Kigoma ambaye hajaiona, hasa kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyekulia vijiji vya ziwani huku kaskazini: Mtanga, Mwamgongo, mpaka Kagunga. Mkae naye. Msiitazame bila yeye.

Mimi ni mwuza dagaa pale Kibirizi. Mashua za kwenda vijiji vya juu hupakia hatua chache tu kutoka kwenye meza yangu, na wageni wa Gombe nawaona wakipanda na mikoba yao mgongoni. Gombe yenyewe, ambayo iko kilomita kama 16 tu kutoka mjini, sijawahi kuikanyaga. Sokwe nilikuwa nawajua kwa picha za ukutani na kwa hadithi za mama.

Mama yangu ni mtu wa Mwamgongo, kijiji kinachopakana na hifadhi. Tulipokuwa wadogo, umeme ukikatika, alikuwa akituketisha barazani na kuanza, "Hadithi hadithi," nasi tunaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Kati ya sungura na fisi alikuwa na hadithi moja ya ajabu: zamani yule mzungu wa Kasekela, kambi ya watafiti ndani ya Gombe, aliweka dawa ndani ya ndizi akawapa sokwe, ili miguu yao isilemae. Tulicheka mpaka machozi. Sokwe anameza dawa kama mgonjwa wa zahanati! Hadithi ile tuliitia kapu moja na za fisi, na mama hakuwahi kubishana nasi.

Jane Goodall alifariki Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91. Habari zilipofika Kibirizi zilizungumzwa siku mbili tatu, kisha watu wakarudi kwenye bei ya mafuta ya mashua. Mwezi Desemba mpwa wangu, mtoto wa dada, akaja likizo kutoka chuoni. Siku ya pili akasema, "Mama mdogo, kuna filamu ya yule mama wa Gombe, ninayo kwenye kompyuta. Leo tumwonyeshe bibi." Basi jioni, baada ya ugali wa muhogo na migebuka, tukaweka kompyuta juu ya stuli, mama kwenye kiti chake, sisi na watoto mkekani.

Kwanza niseme picha zenyewe zimetoka wapi, kwa sababu ndiyo siri ya filamu hii. Hakuna mwigizaji hata mmoja. Jane alishuka ufukweni Gombe Julai 14, 1960, akiwa na miaka 26, bila shahada yoyote, ametumwa na Louis Leakey aliyekuwa anachimba mabaki ya watu wa kale. Aliongozana na mama yake mzazi, Vanne, maana wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake. Mwaka 1962 akaja mpiga picha Mholanzi, Hugo van Lawick, akapiga filamu za rangi kwa miaka. Humo ndani wanapendana, wanaoana, wanapata mtoto wa kiume. Baadaye mikanda ile ilikaa ghalani, zaidi ya saa 100 za picha, ikasahaulika mpaka mwaka 2014. Kwa hiyo unachokitazama ni siku zenyewe zilivyokuwa, zimepigwa na mtu aliyekuwa akimpenda yule anayempiga picha. Utaligundua hilo bila kuambiwa. Kamera inakaa juu ya uso wa Jane muda mrefu kuliko inavyohitajika, naye anajua.

Anayesimulia ni Jane mwenyewe, uzeeni, kwa sauti ya chini isiyo na haraka. Ni Kiingereza. Mama hajui Kiingereza, mimi changu ni cha kuungaunga. Mpwa wangu akawa msimulizi wetu, kazi ile iliyokuwa ikifanywa na wale jamaa wa mabanda ya video, wanaofasiri filamu ya Kichina huku wakijaza maneno yao. Tofauti ni kwamba yeye hakutia chumvi. Jane akinyamaza, naye ananyamaza. Nadhani hapo ndipo filamu ilipoingia ndani ya nyumba yetu, ilipoanza kusemwa kwa Kiswahili na mtoto tuliyemlea.

Dakika za mwanzo mama hakusema neno. Ziwa lilipotokea, na ule ufukwe wa kokoto, akanyoosha kidole: "Kasekela pale." Milima ilipotokea imefunikwa na msitu akauliza kama hizo ni picha za kweli. Akaambiwa ni za kweli. "Basi hata kwetu ilikuwa hivyo," akasema, "kabla hatujaifyeka." Anayepita leo kwa mashua anajua alichomaanisha: msitu unakatika mpakani mwa hifadhi kama nywele zilizonyolewa.

Kipande cha sokwe na mchwa kinajulikana sana, kwa hiyo nitakipita. Jane alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichokoa kichuguu kwa unyasi, anautoa umejaa mchwa, anakula. Wataalamu wa Ulaya na Marekani waliamini ni binadamu tu anayetengeneza kifaa. Mama yeye hakushangaa. Alisema wavuvi walikuwa wanajua sokwe ana akili, hakuna aliyewauliza. (Nimelifikiria neno hilo siku nyingi.)

Halafu ikafika polio.

Ilikuwa mwaka 1966. Kwenye filamu hali inabadilika ghafla. Sokwe uliokwisha kuwazoea, unaowajua kwa majina, unawaona wanaburuta mikono, wanaburuta miguu. Kuna dume mmoja mzee ambaye miguu yote miwili imekufa, anajivuta kwa mikono. Jane na wenzake waliona hana namna ya kuishi, wakamwondolea mateso kwa risasi. Mpwa wangu alifasiri hapo kwa shida. Kisha akasimamisha picha akatueleza alilolisoma: ugonjwa ule ulianza kwa watu, humu humu wilayani Kigoma, na inaaminika sokwe waliupata kutoka kwetu. Jane akaagiza chanjo ya matone, wakaitia ndani ya ndizi, wakawapa sokwe mmoja mmoja.

Ndani ya ndizi!

Nilimgeukia mama. Hakuwa akitutazama sisi, alikuwa akitazama ile picha iliyosimama. Akasema taratibu, "Niliwaambia, mkacheka." Tena akasema, "Mwaka ule ndio aliolemaa mjomba wenu."

Mjomba ninamjua tangu nizaliwe. Mguu wake wa kulia ni mwembamba kama mkono, anatembea kwa fimbo, anatengeneza nyavu kwa sababu ziwani hawezi kwenda. Tuliambiwa aliugua homa utotoni, basi. Usiku ule mama alitupa yote. Yeye alikuwa na miaka tisa, mdogo wake mitatu. Homa siku nne, siku ya tano mtoto hasimami. Bibi akambeba mgongoni kwenda kwa kila aliyesemekana ana dawa. Ndipo kijijini zikaanza kusikika habari za sokwe kupewa dawa kwenye ndizi. Bibi alilia siku hiyo, mama akasema, akauliza kama kuna mtu anaweza kumwombea ndizi moja mwanawe. Hakuna aliyekwenda kuuliza. Na hata kama wangekwenda, mguu ulikuwa umeshakufa, chanjo hairudishi kilichokwenda. Hilo mama alilijua baadaye sana, alipoanza kupeleka watoto wake kliniki. Lakini kwa miaka yote hiyo alikuwa ameigeuza habari ile kuwa hadithi ya kuchekesha watoto, kwa maana namna nyingine ya kuitoa mdomoni hakuwa nayo.

Simlaumu Jane, na mama pia hamlaumu. Mama anakumbuka kusikia kwa wakubwa kwamba mama yake Jane alipokuwa kule alifungua kibanda cha kuwatibu wavuvi vidonda na homa, na hili limeandikwa pia. Ninachosema ni kwamba filamu moja ilifungua mdomo uliofungwa karibu miaka 60. Sisi wenyewe hatukuweza, na tulikuwa tunakula naye sahani moja.

Tulimalizia sehemu iliyobaki kesho yake. Hapo kuna Flo, yule jike mzee mwenye pua pana, na mwanawe Flint ambaye hakukubali kukua. Flo anakufa mwaka 1972, kando ya kijito. Flint ana miaka minane na nusu, umri wa kujitegemea, lakini anakaa karibu na pale alipomwacha mama yake, hataki kula, anazidi kunyauka, na baada ya wiki kama tatu naye anakufa. Muziki ni wa Philip Glass, na sehemu nyingine ulikuwa umenizidi, unapanda na kupanda. Hapa unashuka, unakuacha na mtoto. Watoto wetu wawili walilia. Kama una watoto wadogo sana, ujue hilo na vita vya sokwe kwa sokwe vinakuja, jipange.

Sasa upungufu. Nikiambiwa nitoe alama kati ya kumi ninaipa tisa, na ile moja ninaishikilia kwa sababu hii: watu wa huku wanapita kwenye picha, sauti zao huzisikii. Mpishi Dominic alikuwapo tangu siku za kwanza. Vile vita vya sokwe tunavyoonyeshwa, aliyeshuhudia shambulio la kwanza Januari 1974 na kuliandika ni Hilali Matama, Mtanzania, aliyekuwa akiwafuata sokwe milimani siku baada ya siku. Mimi nimezaliwa Kigoma na jina hilo nimelijua mwaka huu. Filamu ni ya maisha ya Jane, nakubali, na saa moja na nusu haitoshi kila mtu. Hata hivyo natamani ingekuwapo dakika moja ya mtu wa Mwamgongo akisema alichokiona kutoka upande wake wa mlima. Ndiyo maana nasisitiza mkae na mzee wenu. Upande ule uliokosekana mnao nyumbani.

Mara ya nne niliitazama Januari, mjomba alipokuja mjini kununua nyuzi. Alikaa karibu kabisa na kompyuta, fimbo katikati ya magoti. Mama alikataa kukaa nasi, alisema ana moto jikoni. Mpwa alikwisha kurudi chuoni, kwa hiyo nilifasiri mimi, kwa Kiingereza changu kile kile na yale niliyokuwa nimeyashika. Tulipofika kwa yule dume mzee anayejivuta kwa mikono, mjomba aliniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaangalia kwa makini jinsi anavyotupa mikono mbele, kisha mwili unafuata.

"Huyu alipata ile ndizi?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, mjomba, yeye ilimchelewa.

Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa hivyo kidogo, picha imesimama, harufu ya mawese inatoka jikoni, na mama amesimama mlangoni na mwiko mkononi, sikujua alikuwapo tangu saa ngapi.

"Haya, iachie iende," mjomba akasema. "Dada, njoo ukae."