Mandolini ya Umeme: Ipi Ununue Ili Nyuzi Zote Zisikike Sawa

Mandolini ni ala ndogo ya nyuzi, jamaa ya gita; nyuzi zake, kuanzia nene hadi nyembamba, huitwa G, D, A na E. Yangu ya kwanza ya umeme ilipendeza kwa sura, lakini uzi wa A ulikuwa ukipiga kelele na wa G ukinong'ona. Nilibadilisha amplifaya mara mbili kabla ya kugundua kwamba tatizo liko kwenye nyuzi zenyewe.

Pikapu, kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya, ikiwa ya sumaku husikia tu madini yanayovutwa na sumaku, kama chuma. Nyuzi za G na D zikiwa zimevingirishwa bronzi, sumaku huuona ule moyo mwembamba wa chuma ulio ndani, basi. A na E ni chuma kitupu, ndiyo maana zinazifunika zile nyingine. Funga nyuzi za nikeli, maana nikeli huvutwa na sumaku, na tofauti itapungua sana.

Chaguo langu la kwanza ni mandolini ya mbao nzima, isiyo na uwazi ndani, yenye nyuzi 4 na skrubu ya pikapu chini ya kila uzi. Fender, watengenezaji wa magita wa Marekani, walianza kutoa ya nyuzi 4 mwaka 1956, na mwanamuziki U. Srinivas wa India alipigia muziki wa Carnatic, yaani muziki wa jadi wa India ya kusini, mandolini ya nyuzi moja moja, si jozi za nyuzi mbili za noti moja kama ilivyo kawaida. Skrubu ya A ishushe, ya G ipandishe, robo mzunguko kila mara, huku ukisikiliza.

Ukipenda utamu wa jozi, chukua ya nyuzi 8. Ikiwa pikapu yake ni ya ufito mmoja chini ya nyuzi zote, bila skrubu, huwezi kurekebisha uzi mmoja mmoja. Utaweza tu kuinamisha pikapu upande mmoja.

Ya tatu ni ya kawaida, yenye uwazi ndani, iliyowekwa piezo, yaani pikapu inayonasa mtetemo badala ya kutumia sumaku, kwenye daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili wa ala. Piezo haijali aina ya madini, ila daraja lisipokaa sawasawa upande mmoja hufifia. Jukwaani ukipandisha sauti, huanza kuvuma.

Ya mwisho, na siishauri, ni ya kawaida iliyobandikwa pikapu ya sumaku huku nyuzi zikiwa za bronzi.

Dukani, omba amplifaya iwe safi, bila mkwaruzo wowote, kwani mkwaruzo huficha tofauti. Bonyeza freti (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) ya 9 kwenye G, kisha ya 2 kwenye D: noti ni ileile. Rudia kwa D na A, halafu A na E, kwa nguvu moja ya mkono. Sauti zikizidi kupishana hata baada ya muuzaji kugusa skrubu, irudishe ukutani.