Uzoefu wangu: kijiko cha "mita mia kwa saa" kilichochimba hamsini

Natoa nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za opereta wa pili. Mtambo wenyewe sina neno nao.

Kazi ilikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe, Kishapu, mkoani Shinyanga. Kikundi cha wafugaji kilinipa mimi, mkandarasi mdogo nisiye na mtambo hata mmoja, na tulikubaliana bei ya jumla. Kwa hiyo kila saa iliyozidi ilitoka mfukoni mwangu, si mwao. Kina cha lambo ni mita 2, kuta zimelazwa ili ng'ombe washuke bila kuvunjika miguu, na ukipima katikati ya kina unapata urefu wa mita 60 na upana wa 45. Ni mita za ujazo 5,400. Udongo ni mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kugeuka gundi mvua ikishuka. Kwa kushika maji hauna mpinzani. Kwa kuchimba ni habari nyingine.

Kijiko, yaani mtambo wa kuchimba wenye mkono, nilikikodi Mwanza: Komatsu PC200, tani 20 hivi, baketi (ndoo ya kuchotea) ya mita za ujazo 0.9. Kikaja juu ya lobedi, lile trela la kubebea mitambo, pamoja na tipa tatu za magurudumu kumi, kila moja ya mita za ujazo 10. Kijiko ni shilingi 130,000 kwa saa, mafuta juu yao. Tipa zinalipwa kwa siku. Nilipomuuliza mwenye mali kazi itachukua muda gani, hakufikiri hata kidogo. "Mkuu, hii inakula mita mia kwa saa. Siku saba tu, unakabidhi kazi." Nikagawanya 5,400 kwa mia: saa 54, milioni 7 na ushee. Namba hiyo nikaiandika kwenye makisio yangu kama ilivyo. Sikumuuliza ni mia ya udongo upi, wala mia ya tipa ngapi.

Nimeirudia hesabu yake baadaye na lazima niseme haki: kwenye karatasi hakudanganya. Baketi ya 0.9 ikizunguka kila sekunde 20 inatoa mizunguko 180 kwa saa, yaani mita 162 za udongo uliolegea. Udongo huu ukichimbuliwa huvimba kwa karibu asilimia 30, kwa hiyo unagawanya kwa 1.3 na kubaki na mita 124 za udongo kama ulivyolala ardhini. Tena hakuna opereta anayefanya kazi dakika 60 kwenye saa. Atakunywa maji, atasogeza mtambo, atapokea simu ya nyumbani. Weka dakika 50, unabaki na 103. Hiyo ndiyo mia yake. Shida ni kwamba kila namba humo ndani ni ya siku nzuri, na siku nzuri zote haziji pamoja.

Siku ya kwanza nilikaa chini ya mgunga na saa ya simu nikapima mizunguko hamsini. Wastani ukatoka sekunde 27: kumi za kuchota, sita za kuzunguka na mzigo, nne za kumwaga, saba za kurudi na kutafuta pa kuchota tena. Kuchota ndiko kulikonila, maana mbuga ya Oktoba ni mabonge magumu kama matofali, na baketi ilipanda imejaa asilimia 85 tu. Kwa ujazo huo tipa moja ilitaka baketi 13. Hapo ni dakika sita, ongeza moja ya tipa kurudi nyuma na kujipanga. Tipa moja kila dakika saba ni tipa nane na nusu kwa saa, mita 85 za udongo uliolegea, 66 za ardhini, na ukikata zile dakika kumi za kila saa unabaki na 55. Jioni ile nilijua kwamba siku saba hazipo. Sikumwambia mtu.

Bahati yetu, tipa tatu zilitosha. Udongo tulikuwa tunaujaza kwenye shimo la zamani la kifusi, kilomita moja na nusu kwa njia ya ng'ombe. Kupakia dakika saba, kwenda sita, kumwaga mbili, kurudi tano: dakika 20. Ishirini kwa saba ni karibu tatu, kwa hiyo tipa ya tatu iliingia kupakia ya kwanza ikiwa inakaribia kurudi. Hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Halafu asubuhi ya tatu tipa moja ikagoma kuinua bodi. Pampu ya haidroliki. Kipuri kikasubiriwa kutoka Mwanza, kikaja kisichofaa, kikarudishwa. Saa 44 za kazi tulifanya na tipa mbili. Tipa mbili kwa dakika 20 ni safari sita kwa saa, na hesabu ileile ikashuka hadi mita 38. Kijiko kinapakia, kinainua mkono, kinangoja. Injini inanguruma. Hapa ndipo ninapokata nyota moja nzima: bili ilifuata mita ya saa ya mtambo, na mita ile haijui udongo. Inajua injini imewashwa. Kwa kila saa ya hizo 44 nililipa 130,000 kamili, wakati karibu theluthi ya saa kijiko kilikuwa kinaangalia barabara kama mimi. Nilipomwambia mwenye mali kwamba tipa ni yake na ubovu ni wake, akanijibu kwamba tipa mbovu hajanitoza. Kweli hakunitoza. Lakini tipa mbovu haikuwa gharama yangu kubwa. Gharama ilikuwa kijiko kizima kinachoisubiri.

Wasukuma wa pale walikuwa na subira kuliko mimi. Mzee mmoja wa kikundi alinitazama nikitembea huku na huku, akaniambia, "Kaa mwanangu, ng'ombe hawajafika."

Sasa opereta wa pili. Wa kwanza, kijana, alipata msiba kwao, wakamleta mtu mzima aliyewahi kufanya kazi migodini. Alifika, hakuwasha mtambo. Akazunguka shimo kwa miguu, kisha akaomba tubadilishe mpangilio. Yule kijana alikuwa amesimamisha kijiko usawa mmoja na tipa, kikizunguka karibu nusu duara kila mzigo. Opereta huyu mzee akakipandisha juu ya ngazi ya udongo, tipa zikapita chini yake ubavuni, na mzunguko ukawa mfupi. Zaidi ya hapo hakuyapiga mabonge usoni. Aliingiza meno kwenye nyufa na kuyabandua. Nikapima tena: sekunde 22. Mtambo uleule, udongo uleule. Wanaokodi mitambo huuliza mwaka wa kutengenezwa na saa zilizosoma. Mimi siku hizi naanza na jina la opereta.

Kwa tipa zote tatu, nilidhani tutaruka hadi mita 70. Tulifika 61 tu. Ilinichukua usiku mzima kuelewa. Kijiko sasa kinajaza tipa kwa chini ya dakika sita, lakini tipa bado zinahitaji dakika 13 za kwenda, kumwaga na kurudi. Kwa hiyo safari hii kijiko ndicho kilichoanza kusubiri. Kwa mkono ule wa mzee nilihitaji tipa ya nne, angalau kwa zamu, na sikuwa nayo.

Kazi ilifunga kwa saa 109, siku 14 badala ya saba, ukiacha siku mbili za mvua za mwanzo wa Novemba ambazo baketi ilikuwa inarudi na nusu ya udongo imeng'ang'ania ndani. Shilingi 14,170,000 kwa kijiko peke yake. Ukigawanya 5,400 kwa 109 unapata chini kidogo ya mita 50 kwa saa, nusu ya tulichoahidiana.

Kwenye kufunga hesabu kukawa na vuta nikuvute nyingine. Kijana wa kikundi alikuwa anatia kijiwe kwenye debe kila tipa ikipita, na vijiwe vilikuwa 698. Mwenye mali akavichukua vijiwe vyangu akanipiga navyo: tipa 698 za mita 10 ni mita 6,980, kwa hiyo mtambo wake umechimba 64 kwa saa, tena lambo langu ni kubwa kuliko nilivyosema. Nikampeleka shimoni na futi ya kamba na mpira wa maji wa kupimia usawa. Shimo ni 5,400. Zile 6,980 ni udongo uleule baada ya kuvimba. Gawanya uone, inatoka 1.29. Hakukubali wala hakukataa, alisema tu kwamba "wote hulipwa kwa tipa." Kwa mchanga wa kujengea, sawa. Kwa shimo, mtu atakulipa hewa iliyo katikati ya mabonge ukimruhusu, au atakutoza hewa hiyo usipokuwa macho.

Nyota zenyewe, basi. Mtambo haukuzima hata siku moja, haukuvuja, na mafuta hayakuibwa mbele ya macho yangu. Lobedi ilifika siku iliyoahidiwa, jambo ambalo wanaokodi mitambo Kanda ya Ziwa watalithamini. Opereta wa pili ningemwajiri kesho. Nyota iliyopotea kwanza ni ya tipa na namna ya kutoza. Ya pili ni ya ile mia iliyotamkwa bila kuuliza hata udongo ni wa rangi gani. Kosa la kuiamini ni langu, ila hilo halina nyota.

Juzi mwenye mali alinipigia. Ana habari kwamba nimepata lambo jingine, Maswa, mbuga tena, na kutupa udongo ni kilomita tatu. Akasema ataniletea tipa nne na kijiko kilekile, "mita mia kwa saa, mkuu." Nikamwambia kwa kilomita tatu, akiniletea yule opereta mzee, alete tano; na bei tutaiandika kwa mita ya ujazo, ikipimwa shimoni. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza huyo mzee ninamtaka kuanzia lini.