Meli ya watalii Mediterania ama treni za Ulaya? Nimepanda zote mbili, haya ndo maoni yangu

Mimi nina duka la leso na vikapu Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, na meli ya watalii ikifunga Kilindini najua bila kuambiwa, manake kufikia saa tatu asubuhi Ndia Kuu yote imejaa wageni wenye stika za namba kifuani wakimfuata mtu aliyeinua kibendera. Wanaingia Fort Jesus kama saa nzima, wanapiga picha mlango wa nakshi mmoja ama miwili, wananunua leso, saa saba washarudi kwenye basi. Hawajaonja mahamri na mbaazi, hawajakaa barazani, Mombasa ya usiku hawaijui. Kwa hivyo mamangu alipoanza kusema yuwataka kuiona Ulaya kwa meli mimi nilikuwa wa kwanza kukataa, nikamwambia mama, meli itakuonyesha bandari, mji hutauona. Akanijibu, "Mwanangu, magoti haya yatapanda ngazi za stesheni ngapi?" Nikanyamaza.

Sasa naandika sababu watu wananiuliza sana, na mimi nimefanya zote mbili. Mwaka 2023 mimi na mume wangu tulizunguka Hispania siku 11 kwa treni na basi, Madrid, Córdoba, Sevilla, Granada. Halafu Oktoba 2025 nikaenda na mamangu, ana miaka 71, usiku saba ndani ya meli. Tulipandia Civitavecchia, ndo bandari ya Roma hiyo, tukaenda Palermo, Valletta kule Malta, siku moja bahari tupu, Barcelona, Marseille, Genoa, tukarudi pale pale. Kampuni ya meli siitaji, ninachopima hapa ni aina ya safari.

Viza kwanza, sababu wengi hukwama hapo. Ukienda kwa meli ama kwa treni viza ni ile ile ya Schengen, yaani moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, mwanzo ilikuwa 80, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Na lazima uende Nairobi mwenyewe ukatoe alama za vidole, sisi tulipanda SGR Miritini, masaa kama matano, tukalala, tukarudi kesho yake. Hii gharama ya Nairobi watu wa pwani huisahau kwenye hesabu. Kitu kingine kwa wenye kutaka meli, angalia ratiba vizuri sana, meli ikitoka nje ya Schengen, tuseme isimame Uturuki ama Montenegro, utahitaji viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na uangalie pia masharti ya nchi hizo zenyewe kwa pasipoti ya Kenya. Yetu ilikuwa Italia, Malta, Hispania na Ufaransa peke yake, zote ni Schengen, kwa hivyo hatukusumbuka. Tuliondokea hapa hapa Mombasa na ndege ya Ethiopian, Addis, kisha Roma.

Haya, meli yenyewe. Raha yake kubwa ni kwamba sanduku unalifungua mara moja. Mamangu alipanga nguo zake kwenye kabati siku ya kwanza na hakuzigusa tena mpaka siku ya mwisho, na asubuhi akiamka mji mwingine uko dirishani, yaani dirisha la juu kwenye bafe, sababu chumba chetu hakikuwa na dirisha, ndo cha bei ya chini. Lifti kila mahali, choo karibu, akichoka yuwarudi kulala. Ile siku ya bahari tupu ndo aliifurahia kushinda zote, alikaa juu na tasbihi yake akiangalia maji, akaniambia bahari hii haina chumvi ya kwetu kwenye harufu. Kuhusu kusali, meli yageuka usiku kucha na kibla chageuka nayo, lakini televisheni ya chumbani ina chaneli ya ramani inayoonyesha meli yaelekea wapi, pamoja na dira ya simu tuliweza.

Chakula ni kingi mno ila kwa sisi Waislamu si rahisi. Niliandika mapema kuomba halali, tulipofika wakatuambia samaki na mboga ndo salama zaidi, kwa hivyo wiki nzima ni samaki, mayai, pasta ya nyanya, jibini, matunda. Hatukulala njaa, na wahudumu walikuwa na adabu, kila usiku yule yule kijana alikuja mwenyewe kutuambia supu gani ina nyama ya nguruwe. Lakini usitarajie pilau.

Sasa nije kwenye jambo lililonibadilisha mawazo nusu. Nilikosea kusema meli haikuonyeshi mji. Inategemea gati liko wapi. Hiki kitu hakiko kwenye picha za matangazo, matangazo yaandika majina tu, Roma, Florence, Barcelona, kumbe Roma na Civitavecchia ni zaidi ya kilomita 70, na zile meli zinazosema Florence zinafunga Livorno, karibu kilomita 90, kwa hivyo siku yako ya masaa tisa, masaa matatu ama zaidi yaisha barabarani, na roho juu sababu ukienda kivyako ukachelewa meli haikungoji. Ni kama mtu aambiwe apelekwa Malindi halafu ashushwe Mtwapa.

Lakini Palermo! Palermo meli yafunga mjini kabisa. Tulishuka, tukachukua teksi fupi mpaka kanisa kuu, na pale kwenye baraza ya upande wa kusini kuna nguzo imechongwa aya ya Qurani, Suratul Aaraf, wallahi mamangu alisimama pale akaisoma kwa sauti ndogo na machozi yakamtoka. Waarabu walitawala mji ule tangu 831 mpaka 1072, na nguzo inaaminika ilitoka kwenye majengo yao. Halafu tukaingia soko la Ballarò, wauzaji wapiga kelele kama Marikiti, samaki, zeituni, viungo, na wauza kitu kinaitwa panelle, unga wa dengu umekaangwa ukawekwa ndani ya mkate. Mamangu kuuma tu akasema hii ni bajia, nani aliwaletea hawa bajia? Tulikula pale kwa yuro chache tukashiba.

Na Valletta ndo zaidi. Meli yaingia Bandari Kuu katikati ya kuta za mawe ya rangi ya asali, sote tulikuwa juu alfajiri, na mimi nikahisi naingia kwenye Fort Jesus iliyokuzwa mara mia. Si ajabu, mji ule ulianza kujengwa 1566, Fort Jesus 1593 na mchoraji wake Cairati alikuwa Mtaliana, zama zile zile, fikra zile zile za ukuta na mizinga. Ukishuka kuna lifti ya umma yakutoa chini bandarini hadi bustani ya Barrakka juu, goti halipandi hata ngazi moja, na saa sita mchana wapiga mzinga pale, mamangu alishtuka akashika mkono wangu. Halafu lugha yao. Kimalta kimetokana na Kiarabu, kwa hivyo ukikaa kimya ukasikiliza washika maneno, sita ni sitta, Alhamisi ni il-Ħamis, Ijumaa ni il-Ġimgħa. Mama mmoja muuza maandazi yao alituhesabia chenji na mamangu akawa anahesabu naye, wakacheka wote wawili. Hicho ni kitu sikukipata siku 11 za Hispania, nasema kweli.

Genoa pia ni nzuri kwa meli, vichochoro vya mji wa zamani viko karibu na gati, vyembamba na vya kivuli kama vya kwetu. Marseille, hapana. Gati liko mbali na mji, basi la meli ni la kulipia, tukafika bandari ya zamani tumechoka, tukanywa kahawa tukarudi. Barcelona nako tuliona Sagrada Família kwa nje tu, kanisa lililoanza kujengwa 1882, tiketi za siku hiyo zilikuwa zimeisha mtandaoni, na hapo huwezi kusema nitarudi kesho, sababu kesho uko Ufaransa.

Hapo ndo nchi kavu yashinda. Kule Granada siku ya kwanza mvua ilitunyeshea, tukalala, kesho yake jua likatoka tukapanda Alhambra asubuhi, ile ngome yenye majumba ya wafalme Waislamu wa zamani. Kuta zote zimeandikwa wa la ghaliba illa Allah, yaani hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, unasoma mwenyewe bila kiongozi, na tulikaa mpaka walinzi wakaanza kutuangalia. Jioni tukasali kwenye msikiti wa Albaicín, ule uliofunguliwa 2003, bustani yake yatazamana na Alhambra ng'ambo ya bonde, tukakaa pale mpaka taa zikawashwa. Saa kama ile kwa meli huipati, mtu wa meli alisharudi kula bafe. Zipo meli zinazosimama Málaga na zinauza safari ya Granada, lakini ni saa moja unusu hadi mbili kwa basi kila upande, na ndani ya Alhambra kila mtu ana saa yake maalum ya kuingia majumba ya Nasrid, ndo wafalme wenyewe hao, kwa hivyo ni mbio. Córdoba ule msikiti ulioanzishwa 785, ambao tangu 1236 ni kanisa, nguzo zaidi ya 800, nilirudi siku mbili mfululizo. Kusali ndani hairuhusiwi, mjue mapema ili moyo ujiandae, mimi uliniuma.

Treni za kasi za Hispania mwaka ule zilikuwa safi na zilienda kwa wakati. Ila masanduku jamani, ngazi, vyumba vya ghorofa ya nne bila lifti, na mume wangu aliibiwa simu kwenye treni ya chini ya ardhi. Mamangu hangeweza, na nafikiria tungegombana. Chakula cha halali kilikuwa rahisi kuliko kwenye meli, Lavapiés Madrid na mtaa wa Calderería Granada kuna Wamoroko wengi.

Pesa. Ajenti mmoja hapa mjini alituambia meli ni kila kitu ndani, si kweli na nilikasirika. Chumba yuro 780 kwa mtu, halafu ada ya huduma yuro 11 kwa kila mtu kila usiku inakatwa yenyewe, waifai mbali, soda mbali, basi la Marseille mbali, tukafika kama 1,000 kila mmoja bila ndege. Hispania tulitumia kama 1,500 kila mmoja siku 11. Ukigawa kwa siku ni karibu sawa, kwa hivyo mtu asikwambie meli ni rahisi.

Meli naipa nyota nne kwa mtu anayesafiri na mzazi ama watoto wadogo, mbili kwa anayetaka kuujua mji. Nchi kavu nne na nusu kama miguu yako ni mizima. Dadangu ataka kwenda mwakani In Shaa Allah na watoto watatu, nimemwambia apande meli, achague ratiba yenye Palermo na Valletta, Roma asiihesabu kama siku ya meli bali afike siku mbili mapema alale pale, maana ndege ikichelewa meli haina habari nawe. Na mwenye moyo wa Alhambra akate tiketi ya Alhambra kwanza, kwa jina na namba ya pasipoti, halafu ndo atafute ndege.