Somo la lugha mama ambalo kwetu ni lugha ya baba

Nianze na nyota, mwenye haraka asihangaike. Somo la Kipolandi analosoma binti yangu shuleni ninalipatia nyota tatu kati ya tano. Kozi ya Kipolandi niliyosoma mimi mwenyewe chuo kikuu, kwa mtandao, jioni baada ya kazi, naipa nne na nusu. Nimeziandika pamoja kwa sababu bila ya pili, ile ya kwanza isingefika hata nyota mbili.

Tunaishi Uswidi, kwenye mji ambao ukilala kidogo kwenye basi umeshaupita. Mimi ni wa Usa River, Arusha. Mume wangu ni Mpolandi. Nyumbani mimi na binti ni Kiswahili, yeye na baba yake ni Kipolandi, na mimi na mume wangu ni Kiswidi, chetu wenyewe, ambacho Waswidi wakikisikia hutabasamu kwa adabu.

Huku mtoto ambaye mzazi wake mmoja anazungumza naye lugha nyingine kila siku ana haki ya kuisoma lugha hiyo shuleni. Haki hii ilianza kutekelezwa mwaka 1977. Manispaa inatakiwa kulipanga somo iwapo watoto wanaolitaka wamefika watano na mwalimu anayefaa amepatikana. Mzazi halipi hata senti. Hapo nilishangilia peke yangu jikoni, nikaijaza fomu: Kiswahili, Kipolandi. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu. Mama, chagua moja.

Ndiyo sheria yenyewe, mtoto mmoja lugha moja. Kuna mlango mdogo kwa baadhi ya watoto wa Kiroma, jamii ndogo iliyotawanyika Ulaya, sisi haukutuhusu.

Tulibishana siku tatu. Jina la somo kwa Kiswidi ni modersmål, yaani lugha ya mama, na mama ni mimi, kwa hiyo niliona hoja yangu imeshinda kabla sijafungua mdomo. Mume wangu akauliza swali moja tu: kati yetu, nani anaongea zaidi humu ndani? Nikakaa kimya, jambo ambalo lenyewe lilikuwa jibu. Mimi naongea nikipika, nikifua, nikimsuka nywele, nikigombana na simu. Yeye anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda mjengoni, anarudi amechoka, na Kipolandi chake kwa mtoto kilikuwa kimebaki "njoo ule", "lala sasa" na "umeweka wapi rimoti". Kiswahili hakikuwa na shida ya msaada. Kipolandi kilikuwa mahututi. Tukaandika Kipolandi.

Sasa huduma yenyewe. Saa moja kwa wiki, Alhamisi, saa tisa alasiri, wenzake wakiwa wameshaanza kucheza, na si shuleni kwao bali shule nyingine, vituo vinne kwa basi. Darasani wako kumi na mmoja, kuanzia darasa la kwanza mpaka la tano, chumba kimoja, mwalimu mmoja. Mkubwa anaandika insha, mdogo anapaka rangi herufi. Mwalimu ni mama mtu mzima anayezunguka shule sita kwa wiki na mkoba wa magurudumu, na mkoba huo ndiyo maktaba. Simlaumu hata kidogo. Ninaowalaumu ni waliopanga ratiba, na wale wa ofisini ambao mwalimu alipougua muhula mmoja walituacha wiki saba bila mtu, na barua pepe zangu tatu zikajibiwa kwa moja, tena yenye jina la mtoto wa watu wengine.

Lakini mwalimu akiwepo, anafundisha. Ana zoezi la imla kila wiki, na imla ya Kipolandi si mchezo. Kiswahili unaandika unachosikia. Binti alijifundisha kukisoma mwenyewe, siku nilipomkuta anasoma kwa sauti maandishi ya kwenye mfuko wa unga uliotoka nyumbani ndipo nikajua. Kipolandi kina herufi tofauti zenye sauti ileile: "ó" na "u" ni sauti moja, "ch" na "h" moja, "rz" na "ż" moja. Sasa "morze" ni bahari na "może" ni labda, na ukiyatamka huwezi kuyatofautisha. Binti alirudi siku moja na karatasi yenye wino mwekundu. Alitakiwa kuandika Bahari ya Baltiki, akaandika "Może Bałtyckie". Labda ya Baltiki. Baba yake alicheka mpaka akakaa chini. Mtoto akalia, akasema hataki tena lugha yenye mitego, akaja kwangu nimsaidie.

Nami sikuweza kumsaidia kitu. Hata kuitambua ile "rz" sikujua. Saa moja ya Alhamisi ilikuwa inavuja nyumbani kwangu kama maji kwenye pakacha, kwa sababu baba anarudi mtoto amelala, na mimi ninayekaa naye sijui hata moja. Ndivyo nilivyoomba chuo.

Lugha za Kislavoni, yaani ukoo wa Kipolandi na Kirusi, zinafundishwa huku katika vyuo kama Uppsala, Stockholm na Lund, na kozi kadhaa za kuanzia hutolewa kwa mtandao, nusu ya mzigo wa kawaida, ili mtu afanye kazi huku anasoma. Mwenye kibali cha ukazi kama mimi halipi ada. Wanaotoka nje ya Ulaya kuja kusoma tu wanalipa tangu 2011, hilo mliangalie kabla hamjawashauri wadogo zenu. Chuo changu sitakitaja, kwa kuwa nina neno la kukisema. Jukwaa lao la masomo lilikuwa linaganda kila Jumatatu jioni, na kitabu kilidhani kila msomaji anajua istilahi za sarufi ya Kilatini. Tulianza ishirini na kitu, mwezi wa pili tukabaki tisa.

Waliokimbia walikimbizwa na mikia ya maneno. Kipolandi kina hali saba, na nomino hubadilika mwisho kufuatana na kazi yake kwenye sentensi. Paka ni "kot", lakini utakutana naye akiwa "kota", "kotu", "kotem" na "kocie". Paka mmoja, mikia mitano. Waswidi wa darasani walikuwa wanashika vichwa. Mimi nilijiona niko kwetu. Mtu aliyekua akisema "mti huu mkubwa umeanguka" na "kiti hiki kikubwa kimeanguka" atatishwaje na upatanisho? Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha mbele, wao wanabadilisha nyuma.

Kuna siku ilinishika zaidi. Mwalimu alikuwa anaeleza kwamba ukiona meza unasema "widzę stół", neno linabaki vilevile, lakini ukiona paka unasema "widzę kota", neno linabadilika kwa sababu paka ni kiumbe hai. Wenzangu wakaona ni uchokozi. Mimi nikaandika pembeni ya daftari: naiona meza, namwona paka. Tangu siku hiyo sikukosea tena kanuni hiyo, na mwalimu aliponiuliza nimeikariri vipi, dakika kumi za kipindi ziliishia kwenye ngeli ya A-WA. Aliniambia baadaye ndizo dakika alizozifurahia wiki nzima. Labda alikuwa ananibembeleza nisiache kozi.

Zawadi nyingine ni mkazo. Kipolandi, kama Kiswahili, kwa kawaida hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Wasomaji wa Kirusi hujifunza mkazo wa neno mojamoja kama namba za simu, sisi tunauweka tulipozoea kuuweka. Niliponzwa na "matematyka" na "uniwersytet", ambayo mkazo wake unarudi nyuma silabi moja, lakini na sisi tuna "lazima" yetu inayofanya ukaidi huohuo. Hata rundo la konsonanti halikunitisha sana. Mdomo uliozoea mbwa, mchwa na nchi haupati kiharusi kwa "szczęście". Ila "źdźbło", unyasi mmoja wa majani, nimemwachia mwenyewe.

Kilichonitia aibu kilikuwa adabu. Mama mkwe alikuja Pasaka. Nikajipanga, nikamuuliza kwa Kipolandi changu kipya kama atakunywa chai: "Napijesz się herbaty?" Akaniangalia, akatabasamu, akasema ndiyo. Usiku mume wangu akanieleza taratibu kwamba nimemsemesha mama yake kama rafiki wa shule. Kwao mama mkwe husemeshwa kana kwamba ni mtu wa tatu asiyekuwepo: "Mama napije się herbaty?", mama atakunywa chai? Mimi niliyelelewa kwa shikamoo, niliyepigwa konzi kwa kumpita mzee bila kuamkia! Kitabu cha chuo kilikuwa kimeeleza "pan" na "pani", yaani bwana na bibi, kwa watu wa mtaani na ofisini, kuhusu wakwe hakikusema lolote. Nusu nyota niliyoikata, nimeikata hapo.

Kuhusu chai pia. Mjomba wangu alisoma Moscow miaka ya themanini, na Kirusi chake bado kipo, hasa akishafurahi. Alipopata habari kwamba nasoma Kipolandi akanipigia tujaribiane. Maji tukaelewana, mkate tukaelewana, samaki tukaelewana. Kwenye chai tukaachana: Mrusi anasema chai kama sisi, Mpolandi anasema "herbata", ila birika la kuichemshia kwa Kipolandi ni "czajnik", kwa hiyo chai imejificha ndani ya birika. Kisha nikamwambia tumenunua "dywan" mpya. Akauliza wa kukaa watu wangapi. Kirusi "divan" ni kochi, Kipolandi "dywan" ni zulia, na sisi tuna diwani anayegombea kata. Yote yametoka kwenye neno moja la Mashariki.

Nyumbani mambo yalibadilika kwa mlango ambao sikuutegemea. Jioni tukawa tunakaa mezani wawili, binti na imla zake, mimi na mazoezi yangu, na mara nyingi ananisahihisha yeye. Siku moja tulikuwa kwenye hesabu ya paka. Wawili, watatu na wanne ni "koty", kuanzia watano wanakuwa "kotów", na ukifika ishirini na wawili wanarudi kuwa "koty". Nikasema hawa watu hawana huruma. Binti akaniangalia: "Mama, na sisi mbona tunasema paka wanane halafu paka saba?"

Nimezungumza lugha hii miaka thelathini na minane sijawahi kuliona. Watano, wanane, lakini sita, saba, tisa hazishiki kitu. Nikamwambia hizo tatu zimetoka kwa Waarabu, zimekuja zilivyo. Akauliza, "Na kumi?" Kumi ni letu la Kibantu, nikamwambia, nalo limejikalia kama jina la kitu, halipokei kiambishi cha mtu. Alionekana kutoridhika. Tangu hapo ananiuliza Kiswahili kama anavyouliza Kipolandi, na somo ambalo manispaa ilininyima tunalifanya mezani kila jioni.

Nina donge moja, na haliihusu Uswidi. Kilomita chache kutoka kwetu ni Tengeru. Kuanzia 1942 walikaa pale Wapolandi wapatao elfu tano, wengi wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Stalin, wakatoka kupitia Iran mpaka Afrika Mashariki. Makaburi yao bado yapo. Walikuwa na shule zao, na watoto walisomeshwa Kipolandi chini ya Mlima Meru. Mimi ni Mmeru. Miaka yangu yote ya shule sikufundishwa Kimeru hata dakika kumi, na leo bibi akiongea haraka nambahatisha. Nilimsimulia mama mkwe habari ya Tengeru, hakuwa anaijua. Aliomba nimpigie picha za majina siku nikienda, ayasome.

Haya, kwa anayefikiria. Kama mtoto wako lugha anaisikia kila siku nyumbani na unatafuta wa kumfundisha kuiandika, peleka, utafaidi. Kama unatarajia Alhamisi moja imrudishie lugha aliyoiacha, utachoka wewe na mwalimu. Uliza kabla somo litafanyikia shule gani na kama basi lipo. Uliza mwalimu akiugua nani anashika, na wakupe jibu kwa maandishi. Lugha ikiwa ndogo kwenye manispaa yenu, tafuta wazazi wengine wanne mapema, msisubiri ofisi iwatafute.

Chuo, maombi ya muhula wa vuli mwisho wake ni 15 Aprili, ya muhula wa masika ni 15 Oktoba. Mimi nimeshaomba ngazi ya pili. Mama mkwe anakuja tena Krismasi, na safari hii nimejiandaa na "mama" yake ya mtu wa tatu. Binti anasema mkia wa neno la chai bado naukosea.