Usalama wa abiria kwenye Uber: PIN nzuri, lakini hadi uiwashe mwenyewe

Kitu bora kwenye programu ya Uber ni PIN, na abiria wengi hata hawajui ipo. Fungua akaunti, ingia mipangilio ya usalama, washa uhakiki kwa kila safari, si za usiku tu. Ukiita gari unapewa tarakimu 4 za kumtajia dereva; asipoziingiza kwenye simu yake, safari haianzi. Kabla ya kupanda, soma namba ya gari, tazama uso na picha, kisha muulize amekuja kumchukua nani. Jina alitaje yeye.

PIN inakuepusha na gari lisilo lako. Haikusaidii kama mbaya ni dereva mwenyewe. Hapo kuna alama ya ngao kwenye ramani: iguse, anza kurekodi sauti. Wengi hukosea wakidhani kuna mtu anasikiliza. Hakuna. Faili linafungwa kwa siri na kubaki kwenye simu yako, na kampuni hailisikii mpaka uliambatanishe na malalamiko. Kwa hiyo mtumie pia ndugu kiungo cha safari, awe ni mtu aliye macho.

Kwa vifaa natoa nyota nne. Kwa uwajibikaji, moja. Ripoti ya Uber yenyewe ilihesabu taarifa 5,981 za udhalilishaji mkubwa wa kingono Marekani kwa 2017 na 2018. Kwa 2021 na 2022 zilikuwa 2,717. Zimepungua, ndiyo, lakini hayo ni makundi matano tu ya makosa, na ni yale yaliyoripotiwa. Miaka yote kampuni imejikinga kwa kusema dereva si mwajiriwa wake. Februari 2026, jopo la wananchi katika mahakama ya Phoenix, Marekani, kwenye kesi ya abiria aliyesema alibakwa na dereva, lilikataa utetezi huo: halikuiona kampuni kuwa imezembea, ila liliamua dereva alifanya kazi kwa niaba yake, ilipe dola milioni 8.5. Katika kesi hiyo ilielezwa kwamba mfumo wa ndani hupima hatari ya kila safari. Abiria haonyeshwi kipimo hicho, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Anayejua hatari ndiye anayepaswa kuwasha PIN, si msichana anayetoka kazini usiku wa manane.

Ukidhalilishwa kingono, usioge. Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki hutunza unyevu na kuozesha ushahidi. Wahi hospitali ndani ya saa 72, dawa za kuzuia VVU zina muda wake. Piga picha ya skrini yenye jina, namba ya gari na saa, nenda polisi, na malalamiko ya kwenye programu yafuate baadaye.