Rejeta za mvuke zilizogonga na kuvuja: huduma niliyolipia na vipuri nilivyobadilisha

Nyumba yangu hupashwa joto kwa mvuke: boila, yaani tangi la kuchemshia maji lililo chini, hupeleka mvuke kwa mabomba hadi kwenye rejeta, zile pasha-joto za chuma zilizo vyumbani. Nianze na hukumu yangu kwa mwenye haraka: kumlipa fundi anayeujua mvuke, pamoja na kununua vali mpya za kutolea hewa, kumestahili kila senti. Vishindo vya usiku vimekoma, sakafu chini ya rejeta ni kavu, na boila ni ileile ambayo fundi wa kwanza alitaka ing'olewe. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu wapangaji na wenye nyumba wengi huambiwa kwamba rejeta za mvuke ndivyo zilivyo, wavumilie tu. Si kweli. Mfumo wa mvuke ulio sawa unasikika kidogo sana: hewa ikipumua kwenye vali, chuma kikitanuka, basi.

Mfumo wangu ni wa bomba moja. Bomba linalopandisha mvuke kwenye rejeta ndilo hilohilo linaloteremsha maji baada ya mvuke kupoa. Ukilishika hilo, matatizo mengi yanajieleza yenyewe. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi takriban mara 1,700 ya ile ya awali, kwa hiyo mvuke hutoka kwenye boila kwa kasi. Mvuke huo ukikuta maji yamelala ndani ya bomba, huyabeba na kuyabamiza kwenye kona ya kwanza. Na mvuke ukinaswa ndani ya maji yaliyopoa hunywea ghafla, maji nayo huruka kujaza pengo. Hiyo ndiyo nyundo ya maji, na madhara yake hayaishii masikioni: hulegeza viungo, huharibu vali za hewa, na huweza hata kupasua chuma. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kelele na uvujaji mara nyingi ni ugonjwa mmoja, yaani maji yameshindwa kurudi yanakotakiwa.

Kilichonivutia kwa fundi wa pili ni kwamba hakushika spana kwanza. Aliuliza rejeta hugonga wakati gani. Kishindo kikija mwanzoni, mvuke unapoanza kupanda, shuku bomba lililolegea na kushuka katikati au rejeta iliyoinamia upande usiofaa. Kikija mwishoni, boila ikiwa imewaka muda mrefu, angalia presha na mabomba ya chini yanayorudisha maji, maana yakiziba kwa tope la kutu maji hujaa nyuma yake. Kwangu vilikuwepo vyote viwili, chumba kimoja mwanzoni na korido mwishoni.

Kisha akashuka kwenye boila kutazama presha, na hapa ndipo nilipojifunza jambo kubwa kuliko yote. Nilikuwa naamini, kama alivyoniambia fundi wa kwanza, kwamba vyumba vya mbali vikibaki baridi presha iongezwe. Kumbe nyumba ya kawaida haihitaji hata presha ya paundi 2 kwa inchi ya mraba. Kinachochelewesha mvuke ni hewa iliyomo ndani ya mabomba na rejeta. Hewa isipotoka, mvuke hauingii, na kuongeza presha kunachangia tu maji kusukumwa mahali pasipofaa na vali za hewa kutema. Kidhibiti cha presha, kile kisanduku kidogo juu ya boila, kilikuwa kimewekwa juu mno. Alikiweka boila iwake presha ikishuka hadi nusu paundi na izime ikifika paundi moja na nusu. Lakini kabla ya kugusa kipimo alifungua kijibomba kilichopinda chini ya kisanduku, na kilikuwa kimeziba kwa kutu. Kikiziba, kidhibiti hakihisi chochote, hivyo mtu anaweza kukirekebisha atakavyo na boila isijali. Kama fundi wako hajakifungua kijibomba hicho, muombe afanye hivyo, boila ikiwa imezimwa na kupoa.

Kuhusu mwinamo wa rejeta, nina furaha kusema ni kazi ambayo mtu asiye fundi anaimudu. Weka pimamaji juu ya rejeta. Kwa mfumo wa bomba moja lazima rejeta iinamie upande wa vali ya kuingilia mvuke ili maji yatiririke kurudi. Nyumba za zamani hulala taratibu, sakafu hushuka, na chuma kizito hushuka nayo. Miguu ya upande wa pili nikaiinua kidogo kwa vipande bapa vya plastiki ngumu. Rejeta ya chumbani ikanyamaza siku hiyohiyo. Usiinue kwa pupa, bomba linalopanda kutoka chini likinyanyuliwa kwa nguvu unaweza kuvunja kiungo.

Vali ya kuingilia nayo ina masharti. Kwenye bomba moja, ama iwe wazi kabisa ama imefungwa kabisa. Ukiiacha nusu, mvuke na maji hugombania upenyo mwembamba, maji hubaki ndani ya rejeta, yanagugumia, halafu hutokea kwenye vali ya hewa. Najua watu wengi huifunga nusu ili kupunguza joto, na siwalaumu, kwa sababu inafanana na bomba la jikoni. Anayetaka joto kidogo atumie vali ya hewa ya kasi ndogo, au ile yenye themostati (kifaa kinachojirekebisha kufuatana na joto la chumba) inayokaa kati ya rejeta na vali ya hewa.

Sasa vipuri vyenyewe. Vali ya kutolea hewa ni kile kikopo kidogo cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa rejeta, upande wa mbali na bomba. Hewa hupita, mvuke ukiifikia hujifunga. Nilinunua za aina mbili. Zile zenye kirekebishi cha kasi nimezipenda kwa vyumba vya kulala, kwa kuwa unageuza mpaka vyumba vipate joto kwa uwiano. Zenye kasi isiyobadilika nimeziweka kwenye rejeta kubwa, nazo hadi sasa zimekuwa imara. Zilizokuwepo zilijaa uchafu: moja ilikuwa haifungi, ikipuliza mvuke ukutani mpaka rangi ikababuka, nyingine haifunguki kabisa na rejeta yake ilikuwa baridi. Wapo wanaozichemsha kwenye siki kuondoa masalia ya chokaa, na nimeona ikisaidia kwa vali ambayo bado ina uhai. Ile iliyochakaa ndani, siki haiifufui.

Ninachotaka kukisema kwa nguvu ni hiki: usianze na vali za rejeta ukasahau zile kubwa za bomba kuu, karibu na mwisho wa bomba hilo kule chini. Hizo ndizo zinazotoa hewa nyingi ya mfumo. Zangu zilikuwa zimekufa, kwa hiyo hewa yote ililazimika kupenya kwenye vitundu vidogo vya vyumbani, na ile sauti ya kupuliza iliyokuwa ikituamsha ilitokana na hapo. Zilipobadilishwa, joto lilianza kufika vyumba vya mwisho karibu sawa na vya kwanza. Ni kipuri kimoja ambacho ningekinunua kabla ya kingine chochote.

Uvujaji ulikuwa wa sehemu tofauti, na njia ya kuutambua ni kukausha kila kiungo kwa kitambaa halafu kushikiza karatasi laini sehemu moja baada ya nyingine. Palipovuja kwenye shina la vali, chini ya mpini, nati ya pakingi (kizibo laini kinachozunguka shina) ilikazwa kidogo tu, na moja ikahitaji kuwekewa pakingi mpya. Palipovuja kwenye nati kubwa inayounganisha vali na rejeta, fundi aliilegeza, akasafisha nyuso mbili za shaba na kuzikaza upya zikiwa zimekaa sambamba. Hakuweka tepu pale, akaniambia kinachoziba ni nyuso zenyewe za shaba kugusana, tepu haina kazi. Kwenye nyuzi za vali za hewa, hapo tepu inafaa. Vali za hewa zilizokuwa zikitema maji hazikuwa na kosa, ziliacha zenyewe presha iliposhuka na rejeta kuinamishwa vizuri.

Tafadhali, kazi zote hizi zifanywe boila ikiwa imezimwa na rejeta zimepoa. Mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto, kwa sababu unapogusa ngozi unageuka maji na kuachia joto lake lote.

Boila yenyewe ilihitaji kusafishwa maji. Kwenye kioo cha kuonyesha kina, maji yalikuwa yakirukaruka na sehemu ya juu ya kioo ilikuwa na matone, ishara kwamba mafuta na uchafu vinaelea juu na mvuke unatoka na maji ndani yake. Fundi aliyaondoa kwa kuyachuruza polepole sana kutoka usawa wa juu. Ni kazi ya saa nyingi na inachosha kuitazama, lakini kelele za mwisho za korido zilipungua wazi. Dawa za kumimina ndani ya boila ili kuziba matundu alizikataa, kwani nyingi hufanya maji yatoe povu na kurudisha tatizo lilelile.

Kasoro za huduma? Bei ya saa ya fundi huyu ni kubwa kuliko ya fundi bomba wa kawaida, na alichelewa kupatikana kwa kuwa wanaoujua mvuke ni wachache. Pia hakugusa mabomba yaliyo uchi kule chini, ambayo hupoza mvuke kabla haujafika, akanitaka niyafunike mwenyewe kwa fibaglasi. Palipo na kifuniko cha zamani alinizuia kukigusa mpaka kipimwe, kwa kuwa vifuniko vya zamani vingi vina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Kwa hilo namshukuru.

Rejeta moja ndefu bado inalia machozi kati ya vipande vyake viwili. Kiungo cha ndani kimeliwa na kutu, na hapo nati haina msaada, ni kuitenganisha au kuibadilisha. Nimefunga vali yake kabisa kwa sasa. Wakati huohuo naandika kwenye daftari kila ninapoongeza maji kwenye boila, kwa sababu maji mapya huingiza oksijeni inayokula chuma. Kiasi kikipanda tena ilhali sakafu ni kavu, nitajua kuna bomba linavuja mahali nisipopaona, na nitamwita huyohuyo.