Tysso I, Tyssedal: shuka hapa kabla ya kupanda Trolltunga

Wengi tunaofika Tyssedal, magharibi mwa Norwe, tunapita mbio kuelekea Trolltunga, ule mwamba uliochomoza kama ulimi mita 700 hivi juu ya ziwa la Ringedalsvatnet. Mara ya kwanza nami nilipita hivyohivyo. Safari hii nimeingia Tysso I, kituo cha zamani cha kufua umeme kando ya Sørfjorden, mkono mwembamba wa bahari, ambacho sasa ni makumbusho. Kumbe lile ziwa tunalolipiga picha ndilo lililokiendesha.

Mimi ni fundi pampu, kwa hiyo nilinasa kwenye gurudumu la Pelton, lile linalozungushwa na maji ili kufua umeme. Vikombe vimelizunguka pembeni, kila kimoja kama bakuli mbili zilizoshikana, na katikati pana ukingo mkali. Maji yakichomoka kwenye nozeli, mdomo mwembamba wa bomba, yanaupiga ukingo ule, yanagawanyika nusu kwa nusu, yanajikunja ndani ya bakuli na kurudi yalikotoka. Msukumo wa kulia unafuta wa kushoto, shafti, yaani mhimili wa gurudumu, haisukumwi upande. Nilichuchumaa pale muda mrefu, mwenzangu akaniacha.

Ukitoka nje, inua macho mlimani uone mabomba. Maji yalikuwa yakiporomoka takriban mita 400 kabla ya kufika kwenye mashine. Nguvu yote hiyo, kuanzia 1908, ilikwenda hasa Odda, kilomita chache tu kutoka hapo, kwenye kiwanda cha kabidi, ile inayotoa gesi ya kuchomelea ikitiwa maji. Jengo lenyewe alilichora Thorvald Astrup, na madirisha yake marefu yanaujaza mwanga ukumbi wa mashine mpaka unajikuta unanong'ona. Nimefanya kazi kwenye vyumba vingi vya mitambo; hakuna hata kimoja kilichojengwa kwa heshima namna hii.

Mashine zilizimwa 1989. Maji hayakusimama: kituo cha Oksla, kilichochimbwa ndani ya mlima, kilikuwa kimeshaanza kuyatumia tangu 1980.

Tenga saa mbili, si nusu saa, na vaa sweta hata kiangazi. Usikose ziara ya kuongozwa ikiwepo.

Kesho yake nilipanda Trolltunga. Pale juu watu walikuwa wamepanga foleni ya picha, mimi nikawa natazama ukingo wa ziwa chini, ule mkanda wa mwamba mtupu unaoonyesha maji yalifika wapi kabla ya kuteremshwa kwenda kwenye mashine.